Hewa ya Chumbani kwa Shangazi

Gisenyi, 10 Septemba 2023

Kwako Teta, mutoto wa kaka yangu,

Amahoro kwako na kwa wote wa nyumba. Mi niko muzima, nakula, nasali, nagombana na majirani, donc hakuna shida. Nakuandikia kwa Kiswahili yangu ya Goma, juu Kinyarwanda yako inanitia huruma. Usiseme eti shangazi hajui kuandika. We soma tu.

Mvua imeanza. Viazi ya Mudende imefika sokoni, mikubwa kama ngumi ya askari. Jirani yangu Ntawukuriryayo, yule muzee wa mitumbwi aliyefiwa na bibi yake wa ndoa, amenunua jogoo inayoimba saa yoyote inayotaka. Nimemuambia aichinje. Amesema jogoo ni sauti ya nyumba yake. Mana we! Nyumba ikose sauti, tulale.

Simu nimezima kwanza. Inanichosha, na tena karatasi inasikiliza bila kukatiza. Twahir, dereva wa lori anayekuja kwenu Mwanza, amekubali kubeba barua zetu. Mupe chai akifika.

Bon, sasa maneno yenyewe. Hewa ya nyumba yangu imekuwa nzito, zaidi ile ya chumba ya kulala. Asubuhi naamka kama mutu aliyelala ndani ya gunia. Kwa radio nimesikia mama moja akisema iko mimea ya kuweka ndani, inasafisha hewa. Nikawaza, yewe, si Teta anafanya kazi ya mimea? Niambie ni mimea gani. Lakini isiwe ile ya kubembeleza kila siku, juu mi nasahau kumwagilia maji. Nataka mimea yenye akili yake.

Musalimie kaka yangu Sebagabo. Muulize kama goti bado inamusumbua ao ni uvivu tu.

Shangazi yako,
Illuminée


Mwanza, 1 Oktoba 2023

Shangazi Illuminée, shikamoo.

Barua yako imefika na alama ya kidole cha Twahir yenye grisi, nami nimeisoma mara mbili kwa sauti, ya pili nikimsomea baba. Alicheka uliposema uvivu, kisha akajifanya kuchechemea hadi jioni. Sisi hatujambo. Ziwa limetulia, samaki wapo, umeme unakuja na kuondoka kama mgeni asiyejua kuaga.

Umeuliza swali ambalo kila siku nalijibu kitaluni kwetu, kwa hiyo kaa vizuri nikuuzie bila kukuuzia. Tafuta aina tatu. Ya kwanza ni yale majani marefu magumu yaliyosimama kama mapanga, yenye kingo za njano. Huyo unaweza kumsahau mwezi mzima na asikununie. Ya pili ni ile yenye majani membamba ya mistari myeupe, inayoteremsha vitoto vyake pembeni. Ukikata kitoto ukakichomeka kwenye udongo, kinaota. Ya tatu ni ile inayotambaa, yenye majani kama moyo. Hiyo inaishi hata kwenye chupa ya maji. Zote zipo huko kwenu, kwenye nyua za watu. Omba tu vipandikizi.

Maji mara moja kwa wiki yanatosha, na kopo liwe na tundu chini. Wataalamu wanasema majani hufyonza sumu za hewani. Ukiweka machache chumbani utaona tofauti. Ila yasikae mbali sana na dirisha. Hivi dirisha la chumba chako linaelekea wapi? Sikumbuki. Niambie nikupangie vizuri.

Habari yangu kubwa: kuna hoteli mpya hapa inataka mimea kwa vyumba vyote na ukumbi. Bosi wangu amenikabidhi mimi kazi hiyo. Niombee.

Na kwa nini umezima simu, Shangazi? Nilipenda kusikia sauti yako.

Mwanao,
Teta


Gisenyi, 29 Oktoba 2023

Teta mupenzi,

Marahaba, kama munavyosema huko. Mi muzima. Jogoo iko muzima pia, kwa bahati mbaya.

Sasa ukiingia kwangu utafikiri umeingia musitu ya Gishwati. Yale mapanga nimepata kwa masista wa parokia, wamenipa matano. Nimeyaita Commandant, juu yamesimama kwa mulango na hayacheki na mutu. Ile yenye vitoto nimepewa sokoni na muuza mboga. Ile inayotambaa imetoka kwa Ntawukuriryayo. Kumbe bibi yake marehemu alikuwa anaipenda, iko kwa veranda yake miaka mingi. Amekata kipande kirefu, akakileta mwenyewe na makopo manne ya rangi aliyotoboa chini na musumari. Nikamuuliza, "Nani amekuomba makopo?" Akasema, "Hakuna." Akaketi, akakunywa chai vikombe viwili, akaenda. Muzee huyu hana kazi siku hizi, vijana wake ndio wanaenda na mitumbwi kuvua samaki ndogo ya sambaza.

Na kweli Teta, hewa inabadilika! Ao ni macho yangu inayofurahi, sijui. Mvua inanyesha kila siku mpaka jiko ya inje imejaa maji, donc naingiza ndani mbabula, ile jiko ndogo ya chuma, na makala yake inayowaka moto, napika palepale karibu na kitanda. Zamani niliogopa moshi. Sasa siogopi, miti iko. Nafunga mulango vizuri baridi isiingie, nawaachia wao kazi.

Ila Député, ndio jina ya ile inayotambaa, juu kama mbunge inataka kufika kila mahali, majani yake inakuwa njano. Nimemuongezea maji, bado tu. Ni nini?

Furahi na hoteli yako. Vaa viatu ya kufunga, usiende na kandambili kwa watu wakubwa.

Illuminée wako


Mwanza, 19 Novemba 2023

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Barua yako haijanifikia bado. Nimesikia Twahir amekwama mpakani Rusumo, lori limeharibika na anasubiri kifaa. Sikuweza kungoja, nampa hii abiria wa basi anayekuja Kigali, ataitafutia njia.

Baba hajambo. Amenunua koti jipya na hataki kusema la nini. Anasema mtu mzima lazima awe na koti.

Natumaini umeshapata mimea na umeiweka chumbani. Usiogope kuongeza! Ukiwa na mingi ni bora zaidi. Hoteli imekubali, Shangazi! Watachukua mimea ya ghorofa zote. Wanataka na kibao pale mapokezi, na maneno nimeyatunga mimi: "Lala salama. Mimea yetu inakusafishia hewa." Bosi ameyapenda sana mpaka ameyaandika na kwenye gari letu la kubebea miche. Kila nikilipita gari hilo najisikia kama mwandishi.

Bado hujaniambia dirisha linaelekea wapi.

Teta wako mwenye furaha


Gisenyi, 2 Desemba 2023

Teta,

Amahoro. Natumaini munaendelea vizuri na baba yako na koti yake.

Barua yako ya furaha imenikuta kitandani. Usishituke. Nilianguka kidogo. Ilikuwa mvua ya saa tisa, nilikuwa napika maharage ndani, mulango nimefunga. Kichwa ikaanza kuuma, nikasema ni njaa. Nikasimama nichochee sufuria, miguu ikakataa. Baada ya hapo sijui.

Ntawukuriryayo alikuja kurudisha chujio yangu. Aligonga, akasikia kimya, akasukuma mulango. Amenikuta chini kati ya makopo. Amenibeba kwa mugongo mpaka inje, akanilaza kwa mvua kama gunia ya makala. Ndio hiyo mvua imeniamusha. Nikamuambia, "Unanilowesha!" Akaanza kulia, muzee muzima. Sijui nilisema nini mbaya.

Kwa centre de santé, ile hospitali ndogo alikonipeleka, munganga ameniuliza kama napika ndani. Nikamuambia ndiyo, lakini niko na miti kumi na moja. Teta, yule kijana amecheka. Halafu aliona sicheki, akaacha. Amesema sumu ya makala haionekani na hainuki, na miti yangu haiwezi kuifanya kitu. Ameniuliza pia juu ya hii kukohola yangu, tangu lini. Nikamuomba dawa ya kichwa.

Mi sikasiriki. Nauliza tu. We uliandika miti inasafisha hewa. Munganga anasema hapana. Nani kati yenu anajua?

Shangazi yako


Mwanza, 15 Desemba 2023

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimepokea barua zako mbili kwa siku moja. Ile ya Oktoba, Twahir ameileta leo asubuhi akiomba radhi, na hii ya Desemba imekuja mchana kwa mkono wa mwanamke mmoja aliyekuja kwa basi. Nilisoma ya kwanza nikicheka juu ya Commandant, mpaka nilipofika kwenye mbabula. Nikaketi chini. Kisha nikafungua ya pili.

Nimepiga simu yako mpaka betri imekwisha. Imezimwa. Nilimsomea baba, na ajabu hakushtuka kama nilivyofikiri. Alisema tu, "Atapona, yuko na mtu karibu." Sijui alijuaje.

Daktari ndiye anayejua, Shangazi. Mimi nilisoma juu ya majaribio yaliyofanywa ndani ya visanduku vidogo vilivyofungwa, ambako majani kweli yalipunguza sumu fulani kidogo. Chumba cha mtu si kisanduku. Ili mimea ifanye kazi ya dirisha moja lililo wazi, ingebidi uijaze mpaka usipate pa kuweka kitanda. Na moshi wa mkaa haiuwezi kabisa. Hili la pili nilikuwa nalijua. La kwanza sikujali kulijua, kwa sababu wateja wanapenda kusikia lile jingine.

Nakuomba kwa jina la baba: usipike tena ndani hata siku moja, hata mvua ikinyesha mawe. Na ufungue dirisha.

Tena, Député amekuwa njano kwa kukosa mwanga. Mmea ule huvumilia kivuli. Ukigeuka njano hivyo ujue chumba kina giza. Nimekuuliza mara mbili dirisha linaelekea wapi, nawe umenyamaza mara mbili. Shangazi, una dirisha kweli? Na hicho kikohozi, ndicho kilichokufanya uzime simu?

Sisemi zaidi. Namkimbilia Twahir kabla lori halijaondoka.

Teta


Gisenyi, 18 Februari 2024

Teta, mutoto wangu,

Amahoro. Najua nimekaa kimya kupita kiasi. Kila Jumapili nilitoa karatasi, nikairudisha. Noeli ilikuwa muzuri. Viazi imepanda bei, Twahir amenenepa. Bon. Imetosha, sasa nakuambia.

Dirisha iko. Inaelekea mulima.

We unakumbuka mwaka ule volkano ilipasuka, Nyiragongo. Watu wa Goma wakajaa kwetu na magodoro kwa kichwa. Siku hizo ardhi ilitetemeka kila saa, kuta za watu zikapasuka. Mi nilikuwa nawapa wageni chai, nasema, "Tulieni, mi nimetoka vita ya Masisi na miguu, siogopi mulima." Mchana moja nilikuwa nakunja shuka. Nikageuka kuweka shuka kwa kabati, ardhi ikatikisika, na kioo yote ya dirisha ikaanguka kwa kitanda. Ni palepale nilikuwa nimesimama mbele ya kugeuka. Kwa ile tundu nikaona mulima, na moshi yake, ikiniangalia. Nikakimbia barabarani bila viatu, nikawaacha wageni na chai yao.

Kesho yake nikapigilia mbao. Watu wakiuliza nasema ni vumbi ya barabara. Ilikuwa aibu, Teta. Mutu aliyepita vita, anaogopa dirisha. Halafu hewa ikawa nzito, kukohola ikaanza, na ndiyo, nikazima simu usinisikie. Nikasikia habari ya miti kwa radio, nikafurahi sana. Nilitaka miti ifanye ile kazi mi sikuweza kufanya.

Barua yako ilinipiga. Nikaiweka chini ya muto. Lakini wiki iliyopita Ntawukuriryayo alikuja na nyundo.

"Illuminée, hii mbao mi naitoa leo."

"Nyumba iko yangu."

"Iko yako. Lakini mugongo iliyokubeba kwa mvua iko yangu, na bado inauma. Sitaki kukubeba tena."

Nikamuuliza, "Na mulima ikipasuka tena?"

"Tutakimbia. Siku ile si tulikimbia wote?"

"Wewe pia?"

"Mi nilikimbia na sufuria ya maharage mukononi mpaka Kanzenze. Sikujua kama niko nayo. Mutu moja njiani akaniuliza kama nauza."

Yewe Teta, nilicheka mpaka nikakohola, nikakohola mpaka nikalia, na yeye akawa anatoa misumari moja moja bila kuniangalia, juu alijua sitaki kuangaliwa. Mbao ya mwisho ikaanguka. Hewa ikaingia na harufu ya mvua na ya ziwa. Mulima ilikuwa imejifunika mawingu mpaka kwa shingo. Nikaiangalia. Niliogopa bado. Lakini niliendelea kuiangalia, na chai ikachemka, tukakunywa.

Sasa iko kioo mpya. Inje amenijengea kibanda ya mabati kwa mbabula, mvua haiingii. Munganga anasema kifua inasafishika polepole. Député ametoa majani matatu ya kijani. Miti yote nimeiacha ndani. Haina kazi, lakini hata mi sina kazi, tunakaa pamoja.

Iko neno moja tena, na naomba uiseme kwa baba yako polepole, akiwa ameketi. Ntawukuriryayo anataka kuleta watu kwa familia. Kuniomba. Mi, kwa umri hii! Nimemuambia sisi tuko na kaka mukubwa, lazima aulizwe. Nilifikiri ataogopa. Hajaogopa.

Na hoteli yako? Tangu Desemba huisemi.

Illuminée


Mwanza, 10 Machi 2024

Shangazi yangu, shikamoo, tena shikamoo.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kitaluni, na wateja wawili wamenipa leso. Asante kwa kuniambia. Mimi ningekimbia bila viatu na bila shuka pia.

Hoteli sikuisema kwa sababu kazi hiyo haipo tena. Nilimwendea meneja nikamwomba tubadilishe kibao, tuandike tu kwamba mimea inapendeza na haisumbui kutunza. Nikamwambia hewa safi inataka madirisha, na ya kwake mengi hayafunguki. Alinisikiliza vizuri sana, kisha akanunua kwa watu wengine wenye kibao kile kile. Bosi alinuna wiki mbili. Halafu siku moja nikamkuta na brashi, anapaka rangi juu ya maneno yangu kwenye gari. Nikamshikia ndoo. Sasa mteja akiuliza kama mimea inasafisha hewa, namjibu, "Kidogo mno. Fungua dirisha kwanza, halafu njoo uchague unaoupenda." Wengine wanaondoka. Wengi wanachagua.

Sasa la baba. Nilimketisha kama ulivyosema. Nikamletea maji. Nikaanza kwa mbali, habari za afya yako, kisha jirani mwema, kisha watu wazima kuhitaji wenzao. Alinitazama hadi nikamaliza, akasema, "Unamzungumzia Ntawukuriryayo?"

Shangazi, wanapigiana simu! Tangu siku ulipoanguka. Mzee yule aliomba namba ya baba kwa Twahir kwa simu, akampigia baba kutoka kituo cha afya, na baba akaapa kutoniambia ili nisije nikapanda basi usiku ule ule. Tangu hapo wanazungumza kila Jumatano, habari za samaki, magoti na wewe. Lile koti nilidhani la kanisani. Kumbe alilinunua kwa baridi ya Gisenyi, alikuwa anataka kuja kukuona. Sasa amepata sababu kubwa zaidi ya kulivaa. Wameshapanga mwezi wa Juni, baada ya mvua. Wameshabishana hata juu ya ng'ombe wa mahari: baba anataka mwenye mimba, mzee anasema mwenye ndama ni bora kwa sababu unamwona unayempata.

Nilimuuliza, "Na Shangazi mwenyewe amesemaje?"

Baba akakuna goti. Akasema, "Hatujafika hapo."

Mimi nakuja na baba. Niandikie mapema, nijue nije na nguo gani, ya sherehe au ya kuamulia ugomvi.

Mwanao,
Teta


Gisenyi, 28 Machi 2024

Teta,

Amahoro. Mi muzima kabisa, simu nimewasha, lakini hii nataka iwe kwa karatasi uwaonyeshe.

Waambie wote wawili, baba yako na muzee: nilikuwa nimeamua kusema ndiyo Jumamosi hii, nilikuwa hata nimesuka nywele. Lakini kwa kuwa walianza mambo bila mimi, watangoja mpaka Jumapili. Jumamosi nafua.

Ng'ombe awe mwenye ndama. Na we leta nguo ya sherehe.

Illuminée